Mzee kavunjika nyonga, mnaambiwa damu inaganda: Dokta anajibu barua za Tanga

Toleo lililopita tuligusia wazee kuanguka chooni na bafuni, basi meseji zilizoingia baada ya pale nyingi zinatoka Tanga na karibu zote zinauliza kitu kimoja, damu kuganda. Kwaiyo leo sukari na vidonda vya tumbo visubiri, safu nzima tunaimalizia hapo. Majina nimeyaacha, nimebakisha mitaa tu, na barua zingine nimezipunguza maana kuna watu wameniandikia kuanzia siku bibi alipoolewa.

SWALI: Dokta shikamoo. Mie niko Makorora, Tanga. Mama yangu ana miaka 78, ana presha na mwili wake mkubwa, aliteleza alfajiri akienda kutawadha, tukampeleka hospitali wakapiga eksrei wakasema shingo ya nyonga imevunjika. Wamemfunga mguu wanauvuta kwa uzito huku tunasubiri oparesheni, leo siku ya nane, mara damu ya kuongezewa hamna, mara vyuma havijafika, mara mtu wa ganzi kasafiri. Jana mguu umevimba, tena sio uliovunjika, ni ule mzima! Shangazi kaja na mafuta ya simsim anataka amchue, nesi kamkatalia, imekuwa ugomvi wodini watu wanatuangalia. Dada yangu kasoma kwenye simu eti wazee wakivunjika nyonga damu inaganda wanakufa ghafla. Ni kweli? Na ni wazee gani hasa wanaopata hilo, mana kitanda cha pili kuna bibi ana miaka 82, kavunjika hivo hivo na hajavimba kitu.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na la haraka, shangazi aache kuchua, leo hii, na hayo mafuta ayarudishe nyumbani. Nesi yuko sahihi kabisa na mngemshukuru. Mguu mmoja kuvimba ghafla kwa mtu aliyelala siku zote hizo lazima udhaniwe una bonge la damu mpaka kipimo kiseme vingine, na ukilisugua bonge unaweza kulibandua, likibanduka linapanda na damu mpaka moyoni, likitoka hapo linaenda kukwama kwenye mapafu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kwa daktari wa zamu mwambie mguu umevimba tangu jana, muulize kuhusu altrasaundi ya mishipa, ile wanaita dopla, ya miguu yote miwili. Na ukiona mama ameanza kuhema ghafla, kifua kinamchoma akivuta pumzi, anakohoa damu, moyo unamwenda mbio au amezimia, usisubiri raundi ya asubuhi wala usione haya kumwamsha mtu, hapo ni dakika.

Haya, umekwenda umerudi, tuongee. Wewe kilichokushangaza ni kwamba mguu uliovimba ni ule ambao haukuvunjika, ila mie hakinishangazi. Kuna Mjerumani mmoja, Rudolf Virchow, kazi yake ya mwaka 1856 ndo mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanakaririshwa, kwamba damu inaganda ndani ya mshipa kwa mambo matatu, damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mtu akivunjika nyonga yote matatu yanamwangukia siku moja. Mshipa mkubwa wa kurudisha damu unapita jirani kabisa na pale palipovunjika, unabanwa, unapinda, unachubuka kwa ndani, na siku ya oparesheni mguu ukigeuzwa geuzwa unapinda tena. Mwili nao ukishtuka na jeraha unapandisha vile vitu vya kugandisha damu ili mtu asivuje mpaka akafa, ni kinga nzuri tu ila haichagui mahali, na hali hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa. Alaf kutuama. Damu ya miguuni hairudi juu yenyewe, inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapokanyaga, kwaiyo mtu akilala chali siku nane pampu imezimwa kulia na kushoto. Bonge halijui mguu upi umevunjika.

Sasa nani zaidi. Umri wenyewe ni kitu, kuanzia miaka 40 hatari inazidi kupanda na mwenye 80 yuko juu sana kuliko mwenye 60, lakini kama ungeniruhusu kuuliza swali moja tu kuhusu mama ningeuliza hivi, alishawahi kupata bonge la damu huko nyuma? Ulizeni ndugu wakubwa, mana kuna kinamama walivimba mguu mmoja baada ya kujifungua miaka hiyo, wakaambiwa ni baridi, wakafungiwa majani, yakaisha, na hakuna aliyeandika popote. Aliyewahi kupata, akivunjika nyonga yuko mstari wa mbele kuliko wote. Wa pili yake ni mwenye kansa, hata ile isiyojulikana bado, na hapa niseme kitu ambacho huwa kinapita bila kuangaliwa, mzee akivunjika nyonga bila kuanguka kwa maana, yaani kageuka tu kitandani mfupa ukakatika, madaktari waangalie kama mfupa wenyewe haujaliwa na kansa ya tezi dume au ya titi. Kuna pia ambao moyo wao umechoka kusukuma damu, waliopooza upande kwa kiharusi, wenye mapafu mabovu ya siku nyingi, wenye kifua kikuu, wanaoishi na VVU, wenye figo zinazovujisha protini, wavutaji sigara, na kinamama wanaotumia vidonge vya homoni au tamoksifeni baada ya kansa ya titi. Unene nao upo. Kwa mama yako ile presha mie siibebeshi lawama sana, mwili mkubwa na siku nane za kulala ndo vinaniumiza kichwa.

Na hizo siku nane, hapo nataka mnisikilize, maana umri hatuwezi kuurudisha nyuma ila hili la kusubiri lina mikono ya watu. Hesabu ya hatari inaanza mtu alipodondoka, haisubiri kisu. Wapo wanaopelekwa kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa huko Handeni au bara zaidi, anakandwa na kufungwa vijiti wiki mbili tatu, ndo analetwa hospitali, huyo akifika anakuja na mabonge yake tayari. Pale walipowapima mishipa wagonjwa kabla ya oparesheni, waliochelewa zaidi ya siku 2 walikutwa na mabonge mara nyingi kuliko waliowahi. Uingereza mwongozo wao unataka mzee afanyiwe siku ile ile aliyolazwa au kesho yake, Marekani wanasema ndani ya saa 24 hadi 48. Najua, najua, utaniambia dokta huku ni Tanga. Lakini baadhi ya sababu za kuchelewa zinatatulika na nyie wenyewe, kama tatizo ni damu basi vijana wa ukoo waende benki ya damu leo badala ya kukaa nje ya geti wanalaumiana, kama ni vyuma muulizeni daktari kwa jina na bei ni kipi kinachosubiriwa, na kama inaonekana hapo haiwezekani ombeni rufaa mapema, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili Dar, au KCMC, hospitali ya rufaa Moshi, wiki ya kwanza sio ya tano. Kote huko ni kama kilomita 350, kwaiyo kabla ya safari muulizeni daktari kinga yake ya damu kuganda itakuwaje njiani.

Hilo jiwe la kuvuta mguu nalo wengi wanadhani ndo matibabu. Kwa anayesubiri oparesheni ya nyonga, tafiti zilizokusanywa pamoja hazijaonyesha kwamba linapunguza maumivu kwa namna inayoeleweka, wakati linamfunga mtu kitandani kama unavoona. Usilifungue wewe! Lakini kumuuliza daktari kama bado linahitajika ni haki yako.

Kuna jingine ambalo haliandikwi kwenye faili. Wazee wetu wodini hawanywi maji. Bibi anaona haya kuomba chombo cha haja mbele ya mkwe au mjukuu wa kiume, kila akiinuliwa nyonga inamuuma, basi anajibana, chai nusu kikombe asubuhi kwa siku nzima, na joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Damu inakuwa nzito. Juu ya hapo anafungishwa kula toka saa sita usiku kwa ajili ya oparesheni, saa tisa alasiri mnaambiwa leo ratiba imejaa, kesho tena hivo hivo. Muulizeni mtu wa ganzi, mara nyingi maji matupu yanaruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili kabla ya kuingia chumba cha oparesheni, kumnyima maji kuanzia usiku hakuna faida. Na muwekeeni zamu ya binti au mtu anayemzoea kwenye lile suala la chombo, hilo peke yake linaokoa. Nimonia, mkojo mchafu, kuongezewa damu chupa kadhaa, oparesheni kuwa ndefu, vyote hivo vinaongeza uzito kwenye mzani.

Jirani wa miaka 82 asiyevimba, Mungu amjalie, ila kutovimba hakumaanishi hana. Zamani kabla kinga haijawa kawaida watafiti waliwapiga picha ya mishipa wagonjwa wote baada ya oparesheni ya nyonga, wenye dalili na wasio nazo, wakakuta karibu nusu wana bonge mahali fulani kwenye miguu na wengi wao hawakuwa wamelalamika chochote. Mengi ya mabonge hayo ni madogo yanayeyuka yenyewe, tatizo ni yale yanayokua. Ndo maana kinga inatolewa kwa kila aliyevunjika nyonga isipokuwa mwenye sababu ya kunyimwa kama anayevuja damu, hatusubiri avimbe.

Swali la kumuuliza daktari ni fupi tu, mama ameandikiwa kinga ya damu kuganda au hajaandikiwa? Mara nyingi ni sindano ya enoksaparini, wengi mnaijua kwa jina la Clexane, miligramu 40 chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa siku, mwenye figo dhaifu anapunguziwa, au ni heparini ya kawaida uniti 5,000 mara mbili au tatu kwa siku. Inaanza akisubiri, inasimama kama saa 12 kabla ya ganzi ya mgongo, inarudi baada ya oparesheni. Ila kwa mama sasa hivi, kama dopla itaonyesha bonge, dozi sio hiyo ya kinga tena, ni ya matibabu, ni kubwa zaidi na itaendelea si chini ya miezi 3, kwahiyo mtu wa duka la dawa asikubabaishe na ile ndogo. Na wote, bibi jirani na wengine, wapinde nyayo juu chini mara 10 kila saa wakiwa macho, huo mguu mzima wa mama usubiri kwanza majibu.

SWALI: Asalaam aleykum dokta. Ngamiani hapa. Baba yetu kafanyiwa oparesheni ya nyonga salama, anachomwa sindano za tumboni za kuyeyusha damu. Kuna kijana alikuja kumuona mgonjwa wake katwambia dawa hiyo inatoka kwa nguruwe. Baba kasikia, kagoma, leo siku ya pili hajachomwa, anasema bora afe na imani yake. Nesi anasema tunaleta uzushi. Ukweli ni upi?

JIBU: Waaleykum salaam. Kijana kasema kweli na nesi ndo hajui. Heparini na hiyo enoksaparini malighafi yake inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe, kisha inachakatwa na kusafishwa kiwandani. Mie siungi mkono kabisa tabia ya kuwaficha watu, mji kama Tanga nusu ya wodi ni Waislamu, mgonjwa aambiwe mapema, akubali au akatae akijua, kuliko kuja kuambiwa na mpita njia sindano ya sita imeshaingia.

Sasa kuna njia. Kuna sindano inaitwa fondaparinuksi, hiyo imetengenezwa maabara mwanzo mwisho, haina mnyama ndani, miligramu 2.5 mara moja kwa siku, inaanza saa 6 hadi 8 baada ya oparesheni. Haipewi mwenye figo mbovu, na mzee mwembamba wa chini ya kilo 50 nae hapana kwa kazi hii. Shida yake ni kupatikana na bei. Kuna vidonge, rivaroksabani na apiksabani, navyo ni vya maabara, kibali chake kikubwa ni kwa wale wanaobadilishiwa nyonga kwa kupanga na sio waliovunjika, lakini wapo madaktari wanaovitumia kwa kupima mgonjwa aliye mbele yao. Na kuna aspirini, nitaigusa kwenye barua nyingine huko chini. Kwaiyo baba hayuko kwenye kona ya kuchagua nguruwe au kifo, mwambieni hivo hivo.

La dini mie sio sheikhe, siwezi kutoa fatwa kwenye gazeti. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wengi wameruhusu kwa mlango wa dharura pale mbadala haupo au haupatikani, na wengine wanaangalia kama kitu kimeshabadilika asili yake kwa kuchakatwa. Mwiteni sheikhe wa msikiti wenu aje wodini akae na baba, ila mpeni habari kamili, mwambieni hatari ni kubwa kiasi gani, mbadala upo au haupo hapo mjini, na unauzwaje, msimpe swali la nusu akawapa jibu la nusu. Wakati mnaongea hayo, baba asikae siku nyingine mtupu, daktari ajue leo kwamba kagoma na kwa nini, na baba akalishwe kwenye kiti, asimamishwe na woka, kile chuma cha kushikilia akitembea, asali kwenye kiti badala ya kusali amelala kama daktari wa mifupa kasharuhusu. Halafu niweke sawa jambo moja, sindano hizo haziyeyushi damu wala bonge, zinazuia bonge jipya na zinazuia lililopo lisikue, kuyeyusha unafanya mwili wenyewe taratibu. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoacha wakisema mzee damu yake ni nyepesi tayari.

SWALI: Dokta, mie wa Chumbageni. Mzee wetu wa miaka 71 alifanyiwa vizuri, siku ya tano akaruhusiwa, tukamrudisha nyumbani anatembea na woka anapiga stori. Siku ya kumi na tisa kaamka, kaenda uani, karudi anahema kama kakimbia, kasema "kifua", kakaa kitini, ndani ya dakika chache kafariki. Hatukupewa dawa ya damu ya kwenda nayo nyumbani. Sasa kwenye familia wamesema mke mdogo wa baba kamfanyia kitu kwa ajili ya nyumba, kuna kikao Jumapili. Naomba useme ulivyoona wewe.

JIBU: Poleni mno. Bila uchunguzi wa maiti hakuna daktari atakayekuapia, moyo nao unaweza kusimama ghafla namna hiyo hiyo. Ila ulichokieleza, kuhema ghafla, kifua, dakika chache, wiki ya tatu baada ya nyonga, ndivyo bonge kubwa linavyofanya likifika kwenye mapafu, na wakati wa mtu kuamka kitandani au kutoka chooni ndo unaotajwa sana. Alikuwa anatembea, ndiyo, lakini kutembea kidogo kidogo ndani ya nyumba hakufuti hatari ya zile wiki. Miongozo ya nje inasema kinga iendelee si chini ya siku 10 hadi 14 na ikiwezekana mpaka siku 35 tangu oparesheni, Uingereza wao wanahesabu mwezi. Kwetu mgonjwa akiruhusiwa siku ya tano mara nyingi sindano inaishia getini, na wenye lawama sio daktari peke yake, sindano za mwezi mzima ni pesa, na nani atamchoma nyumbani hakuna aliyefikiria. Kumbe kuchoma chini ya ngozi ya tumbo anafundishwa binti yeyote kwa dakika kumi, au daktari anabadilisha mzee anaenda na vidonge.

Kikao cha Jumapili kikiitishwa, nenda na karatasi ya kuruhusiwa, wasomee dawa zilizoandikwa na ambazo hazikuandikwa. Mama mdogo mwacheni akae eda yake.

SWALI: Mie naandikia nikiwa Muheza. Bibi anarudi nyumbani kesho. Sindano wanasema zaidi ya wiki tatu, hela hatuna. Kwanini asinywe maji ya kitunguu saumu na tangawizi asubuhi, yanafanya damu kuwa nyepesi, na aspirini ndogo tunayo dukani hapa ni bei rahisi?

JIBU: Umeuliza mawili, moja la kitunguu na moja la aspirini, na hayalingani hata kidogo. Kitunguu saumu na tangawizi viacheni kwenye pilau, hakuna mtu aliyeonyesha kwamba vinazuia bonge kwa aliyevunjika nyonga, na kwa anayetumia wafarini, kile kidonge cha zamani cha kuzuia damu kuganda, vikizidi vinaweza kumletea kuvuja damu. Huyo wa wafarini hata kisamvu na mchicha ale kiasi kile kile kila wiki, asishindie kisamvu wiki hii halafu wiki ijayo asiguse, kipimo cha damu kitaruka ruka.

Aspirini ni habari nyingine, hiyo ina kazi yake. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 13,000 waliovunjika nyonga, waliopewa miligramu 160 kwa siku kwa siku 35 walipata mabonge pungufu kama theluthi moja wakilinganishwa na waliopewa kidonge bandia, kwa gharama ya kuvuja damu kidogo zaidi. Mwaka 2023 Marekani na Canada wakatoa mwingine, wagonjwa zaidi ya 12,000 wenye mivunjiko, aspirini miligramu 81 mara mbili kwa siku ikilinganishwa na enoksaparini, vifo vikalingana, mabonge ya mguuni yakawa mengi kidogo upande wa aspirini. Watu wanaushika huo wa pili wanashangilia, wanasahau kwamba wastani wa umri mle ndani ulikuwa kama miaka 45, vijana waliovunjika kwa ajali, sio bibi wa Muheza. Mie maoni yangu, kama kuna uwezo wa sindano au vidonge vipya, kwa mzee bora hivo, angalau zile siku za mwanzo, halafu aspirini ije imalizie, na kama uwezo haupo kabisa aspirini ni bora mara mia kuliko kitu hamna. Lakini dozi aiandike daktari aliyemfanyia, akijua kama bibi ana vidonda vya tumbo, na isichanganywe na diklofenaki za dukani, wazee wanazipenda hizo kwa maumivu, aspirini na diklofenaki kwenye tumbo la mtu wa miaka 80 ni kutafuta kutapika damu. Maumivu apewe parasetamoli.

Na kabla hamjatoka wodini kesho, nendeni na kitambulisho chake kwenye dirisha la wazee na ofisi ya ustawi wa jamii. Sera ya wazee ya mwaka 2003 ilisema wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, utekelezaji una mashimo, dawa zenyewe saa ingine hazipo, lakini asiyeuliza hapewi hata ile iliyopo.

SWALI: Dokta habari za kazi. Pangani. Mama mkwe kafanyiwa nyonga wiki tatu zilizopita, kuna harusi Dar, anataka kwenda na anasema anajisikia mzima. Basi la kutoka stendi ya Kange, Tanga mjini, ni masaa matano sita. Aende?

JIBU: Mie ningemzuia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilisema safari ya kukaa saa 4 au zaidi inaongeza hatari ya bonge kama mara mbili, na hapo wanamwongelea mtu wa kawaida, mwenye nyonga ya wiki tatu anaanzia juu tayari. Akishakataa kusikia, na mama wakwe wa Pangani nawajua, basi kwanza daktari wake akubali, iwe gari ndogo kiti kimelazwa nyuma, msimame kila saa ashuke apige hatua na woka, anywe maji na mkubali kusimama tena kwa ajili ya hayo maji, asirudi siku ile ile, na sindano zake zikae kwenye mkoba wa mkononi mwa mtu anayejua kuzichoma, sio chini ya mabegi kwenye buti.